Hodhi la Pili

Saa tisa, usiku wa kumi na saba wa Ramadhani.
Magari ya hoteli yameshamwaga:
biriani iliyoguswa kijiko kimoja,
maganda ya nanasi, vichwa vya pweza,
mikate ya wasiofunga,
na tambi za sisi tuliofunga
tukapika kwa macho, si kwa tumbo.

Hodhi la kwanza halina neno.
Halina pumzi, wala halitaki pumzi.
Linakula gizani siku ishirini na tano,
linampa Bi Raya moto wa jikoni,
na chini yake linatoa maji meusi
mazito kama wanja,
yenye amonia ya kukuliza bila msiba.

Kuyamwaga? Wapi?
Hapa Jambiani tumekalia mawe
yenye matundu kama mkate wa kumimina.
Ukimwaga leo nyuma ya nyumba
Ijumaa yamo kisimani kwa jirani.

Ndiyo maana pana hodhi la pili,
na ndiyo maana niko mimi, Mize binti Makame,
na daftari, na swichi ya kipuliza hewa.

Vuai, mlinzi, aliniuliza napika nini.
Humu mna kaumu mbili, nikamwambia,
wadogo, tundu la sindano kwao uwanja wa mpira.
Wa kwanza hufanya kazi kwa pumzi:
nawasha hewa, wanaitafuna amonia,
wanaigeuza naitreti.
Kisha nazima.
Wa pili huichomoa pumzi ndani ya naitreti yenyewe,
naitrojeni inabaki mikono mitupu,
inarudi angani ilikotoka,
haidaiwi na mtu.

"Kama kufunga na kufuturu," akasema.
Kama kufunga na kufuturu.
"Na kobe je, hamna?"
Alitania. Sikucheka.

Maana kobe yumo.
Hewa ikiwa nusu nusu,
chakula kikiwa haba kwa wale wa pili,
umeme ukikatika katikati ya zamu,
kazi huachwa njiani,
ikatoka ile gesi ya kicheko,
wanayovutishwa wagonjwa kabla ya kisu.
Haina harufu. Haina rangi.
Kilo yake moja huko juu hushika joto
la kilo mia mbili na sabini za hewa ya ukaa.

Meneja alikuja, akanusa, akasema:
"Safi kabisa. Halinuki."
Nikatia saini.
Maji yalikuwa safi kweli.
Ila kipimo cha gesi, cha kuazima, cha wiki mbili tu,
usiku ule kilipanda kama ruhani.

Mama yangu ana vigingi mia mbili mbele ya mwamba.
Bamvua ikitoa maji, anashuka na kamba zake.
Mwaka huu mwani umemgeukia mweupe,
unakatika mkononi kama uzi uliooza.
"Maji yana moto," anasema,
"yananiunguza vifundo."
Nami mkono huu namsafishia bahari,
mkono huu naitilia kuni.

Simwambii.

Nimejaribu. Nimepunguza ukali wa hewa,
nimeongeza subira.
Wale wa pili nimewapa maji ya wali,
nimewapa tui lililochacha kwa Bi Raya,
nikawabembeleza kama wagonjwa.
Usiku wa kumi na tano kipimo kilishuka.
Wa kumi na sita kilishuka tena,
nikaenda kulala na viatu.

Leo umeme umekwenda.

Kijijini vijana wanapita na debe, wanaamsha watu wa daku.
Juu ya hodhi povu linapasuka
moja, kisha moja,
kama mtu anayejizuia kucheka matangani.
Nakaa ukingoni na tochi ya simu, naandika:
saa tisa na dakika kumi, hewa hakuna.
Safu ya pili, gesi:
kipimo nacho kinakula umeme.
Sifuri ni uongo.
Naiacha wazi.